Neno moja lililochelewesha amani ya Burundi: funzo kwa nyumba zetu

Anayeishi kando ya Barabara ya Morogoro hapa Maili Moja, Kibaha, huiona Burundi kila siku bila kusafiri. Malori ya nchi hiyo hupita usiku na mchana yakienda na kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mbele kidogo, katika bandari kavu ya Kwala, wilayani kwetu, Burundi ni miongoni mwa nchi jirani zilizotengewa eneo la kuhifadhia mizigo yao. Hivyo Burundi tunaifahamu kwa mizigo. Kwa historia yake hatuifahamu, na hasa hatuifahamu sehemu ile ya historia iliyoanzia katika ardhi ya Tanzania.

Wengi wetu tunapolisikia neno "waasi" hufikiria watu waliozaliwa porini na bunduki mkononi. Kundi tunalolizungumzia leo halikuanza hivyo. Lilianza kwa watu waliodhulumiwa kweli, waliokimbia wakiwa na watoto mgongoni, wakapokewa nchini mwetu, wakapewa mashamba na wakalima. Lilianza kwa hadithi zilizosimuliwa jioni baada ya kazi. Kundi hilo ni Palipehutu, chama kilichojiita cha ukombozi wa watu wa Kihutu, pamoja na tawi lake la kijeshi, FNL. Tumeamua kulileta katika kurasa hizi za familia kwa sababu mbegu yake haikupandwa kambini mwa jeshi, ilipandwa katika mazungumzo ya nyumbani.

Jeraha la mwaka 1972

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi wa Wahutu ulizuka kusini mwa Burundi, pwani ya Ziwa Tanganyika, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Rais Michel Micombero, iliyotawaliwa na maofisa wa Kitutsi, ilijibu kwa kisasi kisicho na mpaka. Haikuwatafuta waasi peke yao. Iliwatafuta Wahutu waliosoma: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Majina yalisomwa, watu wakapakiwa kwenye malori na hawakurudi. Makadirio ya waliouawa katika miezi michache hiyo ni kati ya watu 100,000 na 300,000.

Waliosalimika walivuka mpaka. Tanzania iliwapokea na kuwafungulia makazi ya kudumu: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika eneo la Mpanda, ambalo leo limo katika Mkoa wa Katavi. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978, ndani ya misitu, mbali na miji. Hapo, mwaka 1980, mkimbizi aliyeitwa Rémy Gahutu na wenzake waliunda Palipehutu.

Msomaji azingatie jambo hili kabla hatujaendelea. Watu hawa hawakubuni dhuluma. Walifiwa kweli. Anayewahukumu bila kuanzia mwaka 1972 hawatendei haki. Swali letu ni jingine: je, kila aliyepata jeraha lile alitoka nalo akiwa na chama cha kabila mkononi?

Mishamo na Kigoma

Swali hilo lilipata jibu kwa njia isiyotarajiwa. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikuja kuishi na wakimbizi wa mwaka 1972. Sehemu ya utafiti wake aliifanya Mishamo na sehemu nyingine mjini Kigoma, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1995. Watu wa pande zote mbili walikuwa Wahutu, walikimbia mauaji yaleyale, wakaingia nchi ileile. Aliyoyakuta yalikuwa tofauti kama usiku na mchana.

Mishamo waliishi wakimbizi watupu, wenye asili moja na msiba mmoja, na ruhusa ilihitajika ili mtu atoke nje ya makazi. Huko historia ilikuwa imegeuka kuwa simulizi moja inayosemwa na kila mdomo kwa mpangilio uleule. Katika simulizi hiyo Wahutu walikuwa wenye nchi, wengine walikuwa wageni waliokuja kwa hila, na kila tukio, dogo kwa kubwa, lilifasiriwa kwa hila hiyo. Mtutsi hakuwa tena jirani fulani mwenye jina, tabia na watoto. Alikuwa aina ya mtu. Uhamisho wenyewe ulionekana kuwa tohara ya taifa, na kwamba siku moja wataingia Burundi wakiwa safi.

Mjini Kigoma mambo yalikuwa mengine. Kigoma na Ujiji ni miji ya Kiswahili yenye misikiti ya zamani, masoko na watu wa kila namna: Waha, Wamanyema, Watongwe, watu wa ng'ambo ya ziwa. Mkimbizi aliyefikia huko alipanga chumba kwa mtu asiyekuwa wa kabila lake, akauza sokoni pamoja na wengine, akajifunza lugha ya mji, akaoa au akaolewa huko. Hakusahau waliokufa. Ila msiba wake haukuwa utambulisho wake wote. Ukimuuliza yeye ni nani, alikuwa na majibu mengi ya kukupa.

Palipehutu ilikita mizizi katika makazi ya kwanza, si katika mji wa pili. Hatusemi kwamba kambi hugeuza kila mtu kuwa mwasi. Maelfu ya watu wa Mishamo walilima mahindi na tumbaku maisha yao yote bila kugusa silaha, na mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi hao wa zamani na watoto wao wapatao 162,000. Tunalosema ni kwamba pale ambapo watu huzungumza wao kwa wao tu, huzuni ya haki yaweza kuiva ikawa chuki, na asiwepo jirani wa kuuliza: "Na yule aliyewasaidia kukimbia, hakuwa wa upande wa pili?"

Vita, na mpasuko juu ya mpasuko

Novemba 1991 wapiganaji wa Palipehutu walishambulia Bujumbura na maeneo ya kaskazini-magharibi mwa Burundi. Jeshi lilijibu kwa kuua raia wengi wa Kihutu wasiohusika. Juni 1993 nchi ilifanya uchaguzi, na Melchior Ndadaye akawa Rais wa kwanza wa Kihutu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo maofisa wa jeshi walimwua. Nchi ikawaka moto. Watutsi wakauawa vijijini, Wahutu wakauawa na jeshi, na vita vya zaidi ya miaka 10 vikachukua roho za watu wapatao 300,000.

Mtu angetarajia kwamba waliojikusanya kwa jina la kabila moja wangebaki kitu kimoja. Haikuwa hivyo. Mapema kabisa Joseph Karumba alijitenga na kuanzisha Frolina. Kisha Palipehutu ya kisiasa, chini ya Etienne Karatasi, ikatengana na FNL iliyoshika silaha chini ya Cossan Kabura. Mwaka 2001 Kabura naye akaondolewa na Agathon Rwasa. CNDD-FDD, kundi jingine kubwa la Wahutu lililochipuka mwaka 1994, nalo lilipasuka zaidi ya mara moja, na baadaye likapigana na FNL hiyohiyo. Kabila liliunganisha watu dhidi ya wengine. Lilipobaki peke yake halikuwaunganisha wenyewe kwa wenyewe.

FNL ilijulikana pia kwa kusali. Wapiganaji wake, ambao wengi walikuwa Wakristo, waliimba nyimbo za dini wakienda vitani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 washambuliaji waliingia katika kambi ya Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, walikokuwa wamehifadhiwa wakimbizi wa Kongo, wengi wao Wanyamulenge. Waliuawa watu zaidi ya 150, wakiwamo wanawake na watoto wengi, na msemaji wa FNL akatangaza kwamba kundi lake ndilo lililofanya shambulio hilo. Hapo duara lilikuwa limekamilika: chama kilichozaliwa na wakimbizi kilikuwa kimeua wakimbizi.

Neno moja

Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wa mgogoro huu hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ulitiwa saini. FNL haikutia saini. Ilichukua miaka mingine sita kabla Rwasa na Rais Pierre Nkurunziza hawajasaini makubaliano ya kusitisha mapigano jijini Dar es Salaam, tarehe 7 Septemba 2006.

Hata hivyo amani haikukamilika. Yalikuwapo mabishano ya vyeo na ya kuwaingiza wapiganaji jeshini, lakini kikwazo kimoja kilikuwa jina. Katiba ya Burundi hairuhusu chama cha siasa kubeba kabila, na kundi lilijiita Palipehutu-FNL. Rais wakati huo alikuwa Mhutu. Katiba ilikuwa imeshaligawa jeshi nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi. Kilichopiganiwa tangu mwaka 1980 kilikuwa kimepatikana kwa sehemu kubwa, lakini neno "Hutu" liliendelea kushikiliwa kwa zaidi ya miaka miwili baada ya saini ya Dar es Salaam. Desemba 2008 viongozi walikubali kulibadili, Januari 2009 likaondolewa rasmi, na Aprili mwaka huohuo Rwasa akasalimisha silaha na chama kikasajiliwa kwa jina la FNL.

Tulitafakari neno hilo. Watu wanaweza kupata vyeo na ardhi na bado wakashindwa kuachia neno, kwa kuwa wamewalea watoto wao ndani ya neno hilo.

Waislamu hawakukingwa na jina lao

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya Wahutu na Watutsi, sisi Waislamu ni umma mmoja. Laiti ingetosha kusema hivyo.

Mwaka 1991, nchini Liberia, Afrika Magharibi, wakimbizi wa makabila mawili yaliyoteswa na jeshi la Charles Taylor walianzisha kundi liitwalo ULIMO. Makabila hayo yalikuwa Wakrahn na Wamandingo, na Wamandingo ni Waislamu. Nao walianza na dhuluma ya kweli, na nao walijikusanya uhamishoni, Sierra Leone na Guinea. Mapema mwaka 1994, wakati ambapo wanajeshi wa Tanzania na Uganda walikuwa wamepelekwa Liberia kuongeza nguvu katika kikosi cha kulinda amani cha ECOMOG, ULIMO ilipasuka kwa ukabila. Wakrahn walimfuata Roosevelt Johnson na Wamandingo wakamfuata Alhaji Kromah, na wenza wa jana wakauana. Mwaka 1996 Kromah alisimama upande wa Taylor, adui aliyewatesa watu wake, ili kumpiga Johnson jijini Monrovia. Uchaguzi ulipofanyika mwaka 1997 Kromah alipata takribani asilimia 4 ya kura, na Taylor akashinda. Huo ndio ukawa mwisho wa silaha zilizobebwa kwa jina la jamii ya Waislamu.

Karibu na kwetu, nchini Rwanda mwaka 1994, Waislamu wengi waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini, na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo mjini Kigali inakumbukwa kwa hilo hadi leo. Hiyo ni fahari yetu kwa haki. Lakini mwenye gazeti la *Kangura*, lililochochea chuki dhidi ya Watutsi kwa miaka, alikuwa Hassan Ngeze, naye ni Mwislamu. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Jina la Hassan halikumzuia kuandika aliyoyaandika.

Huko Burundi tuna mfano wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Kati ya mwaka 1993 na 1995 jiji lile lilikatwa vipande: Kamenge ya Wahutu, Musaga, Ngagara na Nyakabiga ya Watutsi. Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya barazani na Uislamu ndio dini ya wengi, ilibaki mtaa wa watu waliochanganyika. Haikusalimika kabisa, Machi 1995 mauaji yaliingia Bwiza na Buyenzi, na maelfu wakakimbilia Uvira. Lakini haikukubali kuwa mtaa wa kabila. Kilichoikinga ni kwamba watu wake walikuwa wamekwisha kuoana, kuzikana, kukopeshana na kuswali safu moja kwa miaka mingi kabla ya siku ya mtihani kufika. Undugu haukuanza kutafutwa siku ya moto.

Asabiya ni kitu gani

Dini yetu haimkatazi mtu kuwapenda watu wake. Katika Sura ya al-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatufahamisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tutambuane, na kwamba ubora mbele Yake uko katika uchamungu. Imepokewa pia katika Sunan ya Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa kama mtu kuwapenda watu wake ni asabiya. Akajibu kuwa sivyo. Asabiya ni kuwasaidia watu wako katika dhuluma. Mpaka umewekwa hapo. Anayelilia wafu wake hana kosa. Anayewaficha wauaji kwa kuwa ni wa kwao amekwisha kuvuka mpaka.

Tena Sira inatuonyesha jinsi mpaka huo unavyovukwa. Makabila ya Aus na Khazraj wa Madina yalipigana vita vikali vya Bu'ath kabla ya Hijra. Anasimulia Ibn Hisham kwamba, baada ya Uislamu kuwaunganisha, mtu mmoja aliyechukizwa na undugu wao alimtuma kijana akae nao na kuwakumbusha siku ile ya Bu'ath kwa mashairi yaliyotungwa wakati wa vita. Hakupeleka panga, alipeleka kumbukumbu. Muda si mrefu watu waliokuwa wakicheka pamoja waliitana vitani. Mtume (S.A.W.) aliwaendea, akawakemea kwa kurejea ujahili hali yeye yuko kati yao, nao wakalia na kukumbatiana.

Sahaba walihitaji kukumbushwa. Sisi tu nani hata tujione tumesalimika?

Nyumbani kwetu

Maili Moja ni mji wa watu waliotoka kila upande. Wenyeji Wazaramo na Wakwere wamewapokea Wachaga, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamakonde na wengine, na shule za Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963, zimepokea watoto wa nchi nzima. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ni mali ya thamani kwetu, kwa kuwa mtani hukutukana mbele yako, kisha akaja kukuzika. Maneno yanayosemwa jioni, mgeni akishaondoka na watoto wakiwa wanasikiliza, si utani.

Tunazisikia sauti hizo. Posa inarudishwa, na sababu si dini ya kijana wala tabia yake, ila "watu wa huko hatuwawezi". Kamati ya msikiti inahesabiwa kwa kuangalia nani anatoka wapi. Mtoto aliyezaliwa Tanzania, ambaye wazazi wake wamepewa uraia kihalali, anaitwa "Mrundi" shuleni kana kwamba ni tusi. Hakuna bunduki hapo. Mishamo nako mwaka 1980 hazikuwapo.

Basi wazazi tufanye nini? Hatuwezi kuwaficha watoto historia za dhuluma, wala haifai. Historia isiyosimuliwa na mzazi itasimuliwa na mchochezi. Lakini tunaweza kuisimulia kwa adabu ya Kiislamu, na adabu hiyo ina mambo matatu.

La kwanza, tumtaje mtenda na si kabila lake. "Ofisa fulani alimnyang'anya babu yako shamba" ni ushahidi. "Watu wale ndivyo walivyo" ni hukumu juu ya mamilioni ambao hatujawaona.

La pili, tuwataje waliotusaidia kutoka upande wa pili. Katika kila msiba mkubwa alikuwapo aliyeficha, aliyevusha na aliyetoa maji. Kumficha mtu huyo katika simulizi ni dhuluma kwake, na ni kumnyima mtoto mfano wa kufuata.

La tatu, tuyataje makosa yetu. Sura ya an-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi wa kweli hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Aya hii ni nzito kuliko hotuba zote za umoja. Nyumba inayoweza kusema mbele ya watoto, "hapa watu wetu walikosea," haitatoa mpiganaji wa kabila.

Maimamu na walimu wa madrasa nao wana sehemu yao. Safu ya Swala imeshatuweka bega kwa bega bila kuulizana asili. Kazi iliyobaki ni kuitoa safu hiyo nje ya mlango wa msikiti, iende katika posa, katika mikopo, katika mazishi na katika uongozi. Ujirani wa namna hiyo ndio waliokuwa nao watu wa Buyenzi kabla ya siku zao ngumu, na ndio waliokuwa nao wakimbizi wa Kigoma. Mishamo waliukosa.

Burundi ilihitaji zaidi ya miaka 28 kulianzisha neno, kulipigania na hatimaye kulifuta kwenye jina la chama. Wafu wa miaka hiyo hawakurudi. Sisi tunayo nafasi ya kulizuia neno la namna hiyo likiwa bado changa midomoni mwetu. Twamuomba Mwenyezi Mungu azirehemu roho za waliodhulumiwa wa makabila yote, aipe Burundi utulivu wa kudumu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimama na haki, iwe yetu au ya jirani yetu. Amin.